Mkono Ndio Uulizwe

Mkasi alisimama mbele ya kioo cha sebuleni akifunga vifungo vya shati. Mkewe, ambaye watu wote walimwita Karani kwa sababu ya kazi yake ya shuleni, na mumewe naye akamwita hivyohivyo kwa utani mpaka ikawa jina, alikaa kwenye mkono wa kochi akimsubiri amalize. Alikuwa na habari ya kumpa. Alikwisha kumpa habari hiyohiyo zaidi ya mara mia mbili.

"Leo siku gani?" Mkasi aliuliza.

"Jumatatu."

"Basi nimechelewa. Rula atanikaanga bila mafuta."

"Hujachelewa. Kaa kwanza."

Alikaa. Alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini na minne, mabega yamepinda mbele kidogo kwa kuinamia meza ya kukatia nguo tangu ujana wake. Karani akamwambia yale maneno kwa mpangilio wake wa kila siku, kwa sababu alishagundua kwamba ukianza na mbaya, mazuri hayasikiki: umepona, hakuna aliyekufa, kazi yako bado ipo. Uliugua homa ya ubongo, ukalala wodini wiki saba. Tangu hapo ya zamani unayo yote, ila jambo jipya halikai kichwani. Ukigeuza shingo tu, limekwenda.

Mkasi alisikiliza, mikono ikiwa katikati ya magoti. "Wiki saba," alisema. "Na wewe ulikuwa unalala wapi?"

"Kwenye benchi, koridoni."

"Pole, mke wangu."

Ilikuwa pole mpya kabisa, imetoka moyoni sasa hivi. Miezi ya kwanza pole hiyo ilimliza Karani. Siku hizi aliangalia saa.

Binti yao wa miaka kumi na mmoja alitoka chumbani na begi mgongoni. Mkasi akaruka kutoka kwenye kiti. "Haa! Nywele zako! Nani kakunyoa?"

"Mbuzi, baba. Nilisinzia nje, akadhani nyasi."

Mkasi alicheka mpaka akashika ubavu. Ijumaa iliyopita zilikuwa zimeungua kwenye jiko. Kabla ya hapo alizikopesha kwa mwalimu mwenye kipara. Karani alimvuta binti hadi jikoni.

"Baba yako si sinema."

"Anacheka, mama. Wewe ukimwambia za kwako anahuzunika, mimi nikimwambia za kwangu anacheka. Zote anasahau. Sasa afadhali zipi?"

Karani, aliyezoea kuwajibu wazazi wakorofi dirishani kwake shuleni, aliangalia miguu ya binti. "Funga kamba za viatu," alisema.

Simu ililia kabla hawajatoka. Wifi yake, dada mkubwa wa Mkasi, aliishi mji mwingine, safari ya siku nzima.

"Wifi, chumba kiko tayari," alisema bila salamu. "Nimeweka kitanda na redio. Nakuja kumchukua Jumamosi."

"Mtihani ni Ijumaa. Bado hajafeli."

"Nimesema amefeli? Nimesema chumba kiko tayari. Wewe unashinda shuleni, mtoto anashinda shuleni, atashinda na nani? Mlimwacha peke yake siku moja tu mkakuta sufuria imekauka motoni na pazia linafuka moshi. Ndugu yangu ni mmoja."

"Na mume wangu ni wangapi?" Karani aliuliza, akakata simu, halafu akajuta, kwa sababu kuhusu pazia wifi hakusema uongo.

* * *

Kiwanda cha sare kilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Wakati Mkasi yuko wodini, kiwanda kilinunua mashine ya umeme ya kukatia. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekata kwa makasi makubwa yaliyompa jina, tabaka nne au tano kwa mpigo. Mashine ilikata tabaka sitini. Mkurugenzi alikuwa muungwana: alimpa mwezi mmoja ajifunze kwenye mabaki ya vitambaa, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi. Mwisho wa mwezi angepimwa kwa fomu ya bima. Akifaulu, angerudi mezani pake, mahali ambapo watu thelathini wangemwona mchana kutwa. Akishindwa, barua ya kuagwa ilikuwa imeshachapwa. Karani aliijua kwa sababu aliyeichapa alisoma naye chuoni.

Hiyo ilikuwa wiki ya mwisho.

Msimamizi wa chumba cha kukatia aliitwa Rula, kwa ile rula ya chuma ambayo hakuiweka chini hata akiongea na simu. Aliwapokea mlangoni. Mkasi alimkumbatia kama mtu wa siku nyingi, akaangaza macho ndani, kisha akasimama.

"Hiki nini?"

"Mashine ya kukatia."

"Mmenunua lini? Mbona mimi sikuambiwa?"

Mshonaji mmoja kwenye safu ya cherehani alipaza sauti: "Mkasi! Ijumaa uliniahidi utanioa, leo unapita kama hunijui!"

"Kama niliahidi," Mkasi alijibu bila kugeuka, "basi Ijumaa sikuvaa miwani."

Safu nzima ililipuka. Karani naye alitabasamu, ila kidogo tu. Mtu akichekwa na watu wanaompenda bado amechekwa.

Rula alimpa Mkasi rundo la mabaki, akamwonyesha swichi na kisu kilichosimama wima kikipanda na kushuka, na kile kibao cha chini kinachoteleza chini ya kitambaa. Mkasi alitikisa kichwa kwa makini, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. "Nitajaribu," alisema, "lakini msinicheke, sijawahi kuigusa." Kisha akaiwasha.

Karani hakujua kukata hata kitambaa cha meza, lakini macho alikuwa nayo. Mashine ilikwenda kwenye mstari wa chaki kama maji kwenye mfereji. Kwenye kona Mkasi alipunguza, akaegemeza kiuno, akageuka nayo.

Rula alimvuta Karani pembeni, akamwonyesha karatasi. Siku ya kwanza: dakika arobaini, ametoka nje ya mstari mara tisa. Siku ya sita: dakika ishirini na nane, mara nne. Alhamisi iliyopita: dakika kumi na tatu, hakuna kosa.

"Na kila siku anasema hajawahi kuigusa?"

"Kila siku ya Mungu. Juzi nilimwambia, wewe mbona unakata kuliko mimi? Akasema, labda mashine hii ni rahisi." Rula alijikuna shingo kwa rula. "Shemeji, mimi sisemi kitu. Lakini wewe ulishaona mtu anayejifunza kazi bila yeye mwenyewe kuwepo?"

* * *

Jumatano walikuwa na zamu ya kliniki. Daktari wa ubongo alikuwa mwanamke kijana, soli za viatu zimeliwa upande mmoja. Karani alimwekea ile karatasi ya Rula mezani kabla hata ya kukaa.

"Nieleze hii. Nieleze kama unayemweleza mtu mwenye haraka."

Daktari aliisoma, akatabasamu. "Kichwani kuna seli nyingi zisizo na idadi. Jambo jipya likitokea, baadhi yake zinashtuka kwa pamoja. Zilizoshtuka pamoja zinaanza kujuana. Mara ya pili moja ikiitwa, jirani anaitika upesi zaidi. Jambo likirudiwa, zinaoteshana viungo, zinashikana. Hata ukilala zinaendelea kulirudia zenyewe. Hapo ndipo jambo linageuka kumbukumbu."

"Na yeye?"

"Ndani kabisa, kulia na kushoto, kuna sehemu mbili ndogo, kila moja kama kidole chako kidogo. Ndizo zinazozishika seli hizo zisiachane mpaka viungo vikomae. Homa ilizichoma."

Mkasi alikuwa amesikiliza kidevu mkononi. "Yaani bandi," alisema.

"Samahani?"

"Bandi, daktari. Kabla ya cherehani unapitisha mishono mirefu kwa mkono, ya kukishikilia kitambaa kisihame. Cherehani ikishapita, bandi unaichomoa, nguo imeshikana yenyewe. Kwa maelezo yako, kichwani kwangu aliyekufa ni mpiga bandi. Cherehani ni nzima. Ila ikifika, kitambaa kimeshahama."

Daktari aliweka kalamu chini. "Nafundisha somo hili miaka sita," alisema, "na sijawahi kulisema vizuri hivyo."

"Umesikia, Karani?" Mkasi alikaa sawasawa kwenye kiti, uso unang'aa. Koridoni kitoroli cha dawa kilipita kikigongagonga magurudumu. Aligeuka kukitazama, kisha akageuka tena na kumnyooshea daktari mkono. "Habari za leo, daktari. Tumeitiwa nini?"

Karani alihesabu vigae vya sakafu mpaka nane. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida: "Na mikono?"

"Kazi za mikono zinashonwa chumba kingine kabisa, nyuma ya kichwa na katikati huku. Chumba hicho hakikuguswa. Hakihitaji bandi ile. Kinataka marudio tu. Kwa hiyo atajifunza, tena vizuri, lakini hatajua kwamba amejifunza. Atajua bila kujua kwamba anajua."

"Basi Ijumaa atafaulu."

Daktari alimtazama Mkasi, ambaye alikuwa akisoma bango la ukutani kuhusu shinikizo la damu. "Mikono itafaulu," alisema. "Ningekuwa wewe ningeuogopa mdomo."

* * *

Asubuhi ya Ijumaa Karani alichoma upande mmoja wa blauzi yake kwa pasi, akavaa nyingine. Alimpa Mkasi habari zote, kisha akavuta kiti, wakakaa goti kwa goti.

"Wakikuuliza kama unaijua ile mashine mpya, utasema nini?"

"Mashine gani?"

"Ya kukatia. Unaijua. Umefanya nayo kazi mwezi mzima."

"Mimi?"

"Wewe. Kwa hiyo wakikuuliza, unasema nini?"

"Nasema sijawahi kuiona."

"Unasema ndiyo!"

"Karani," alisema kwa upole, "huko ni kudanganya."

"Ni kweli tupu! Nina karatasi ya Rula hapa!"

Alisoma karatasi, akashangaa, akakubali, akaahidi. Karani akaenda kuzima pasi. Aliporudi akamuuliza tena.

"Mashine gani?" alisema Mkasi.

Binti alikuwa akila mkate mlangoni. "Mwandikie, mama. Mimi ndivyo ninavyofanya kwenye..." Akajaza mkate mdomoni.

"Kwenye nini?"

"Hakuna."

Ilikuwa hoja ya mwizi wa mitihani, lakini ilikuwa hoja. Karani alikata kipande cha jalada la daftari, akaandika kwa herufi kubwa, akakitia kwenye mfuko wa shati la mumewe, akaufunga kifungo. "Wakikuuliza chochote kuhusu mashine, tazama mfukoni." Njia nzima alimwambia: mfukoni, mfukoni, mfukoni. Mpaka wanafika getini, mkono wa Mkasi ulikuwa ukipanda wenyewe kifuani kila mashine ilipotajwa, na Karani alijiona mtu mwenye akili sana.

* * *

Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa miaka sitini, miwani inaning'inia kwa uzi, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye fomu. Alisimama kando ya meza ndefu ya kukatia, Rula kushoto kwake, na nyuma ya kioo kilichotenga safu ya cherehani washonaji wakajifanya wanashona. Mwalimu mkuu alikuwa amempa Karani ruhusa ya saa moja tu.

"Kazi yako?" Mkurugenzi alisoma.

"Mkata nguo. Mwaka wa ishirini na moja huu."

"Ishirini na mbili," Karani alisema.

"Mama, ajibu mwenyewe." Kalamu iliandika. "Je, mfanyakazi anaitambua mashine atakayoitumia?"

Mkasi aliitazama. "Naona ina kisu."

"Umewahi kuitumia?"

Mkono ulipanda kifuani. Karani alishusha pumzi. Mkasi alifungua kifungo, akatoa kile kipande cha jalada, akakisoma kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Kisha, kwa kuwa hakuwahi maishani mwake kujibu jambo kwa kujificha, akakisoma kwa sauti:

"'Ukiulizwa kama unaijua mashine mpya, sema ndiyo. Ni kweli. Karani.'" Akainua macho. "Ndiyo," alisema kwa adabu.

Nyuma ya kioo mtu alitoa mlio kama birika. Karani alisikia uso wake ukiwaka kuanzia shingoni. Mkurugenzi alinyoosha mkono, akapewa kile kipande, akavaa miwani na kukisoma mwenyewe, mbele na nyuma.

"Mama, hii nini?"

"Ni kweli. Imeandikwa hapo."

"Jibu la kufundishwa si jibu."

"Hakufundishwa, amekumbushwa. Rula ana karatasi ya mwezi mzima."

"Nimeiona. Karatasi haikatai kuandikwa." Hakusema kwa ubaya. "Fomu inauliza kama mfanyakazi anajua. Yeye mwenyewe anasema hajui. Akikatika kidole, bima watanisomea mimi fomu hii, si wewe."

"Basi mnamuuliza asiyehusika!" Sauti ya Karani ilipanda kuliko alivyokusudia. "Mdomo wake haujawahi kufika kwenye mashine ile. Mkono ndio uliofika. Mkono ndio uulizwe!"

Rula aliangalia viatu vyake. Mkurugenzi alifikiri kidogo, kisha akaonyesha kwa kalamu. Mezani palikuwa na tabaka sitini za kitambaa cheupe, zimebanwa kwa vibanio, pateni zimeshachorwa kwa chaki juu: makoti ya maabara, oda ya wiki hiyo.

"Haya. Akate."

Mkasi alisogea. Alipitisha kiganja juu ya kitambaa, akapiga goti, akakagua ukingo wa matabaka kwa jicho moja. Akanyanyuka.

"Kitambaa cha nani hiki?"

"Cha mteja," alisema Mkurugenzi.

"Basi hapana."

"Hapana nini?"

"Mama, mashine hii siijui. Nipeni mabaki, nipeni wiki moja, nitaijua, nitawakatia mpaka mchoke. Lakini kitambaa cha mtu hakijifunziwi. Nikikiharibu nitamwambia nini? Kwamba nilikuwa najaribu?" Alikunja mikono nyuma. "Rula akate. Mimi nitamwangalia."

Hayo yalikuwa maneno ambayo mkata nguo yeyote mwenye heshima zake angeyasema. Ndiyo yaliyommaliza. Mkurugenzi alivua miwani, akavaa tena, akainamia fomu. Karani alikuwa karani miaka kumi na sita. Kusoma mwandiko uliopinduka upande wa pili wa meza ilikuwa sehemu ya kazi. Aliiona M. Aliiona *fanyakazi*. Aliona *amekata* ikianza kuandikwa na akajua kabisa kwamba inakuja *a* nyingine. Amekataa. Akakiona kitanda na redio. Akamwona Mkasi akiamka kwenye chumba cha ugenini na kuuliza yuko wapi, na wifi akijibu kwa kifupi, kila asubuhi, bila mpangilio.

Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Aliweka mkoba chini, akazunguka meza, akashika mpini wa mashine kwa mkono mmoja, akabonyeza swichi.

Ilinguruma na kumvuta kama mbwa aliyeona paka. Kisu kiliuma ukingo wa kitambaa, nje ya chaki, kikaanza kwenda kombo.

"We!" Rula alipiga kelele.

Lakini Mkasi alikuwa ameshafika. "Toka hapo! Kushoto wazi, unataka vidole vibaki mezani?" Alimsukuma kwa bega, akazima swichi, na bila kutazama, mkono wake wa kulia ukaingia chini ya meza, ukaenda moja kwa moja kwenye msumari, ukarudi na glavu ya waya wa chuma. Akaivaa mkono wa kushoto. "Unaisukuma hivyo tabaka za chini zinakimbia! Nani kakupa ruhusa? Kitambaa cha mtu!" Aliwasha, akaurudisha mwendo kwenye chaki, akaendelea.

Rula alinong'ona, kana kwamba yuko msibani: "Mkurugenzi, ule msumari nimeupigilia mimi wiki ya pili ya mwezi huu. Glavu ilikuwa inapotea."

Kalamu ilibaki hewani.

Mkasi alikata mgongo, akakata mbele mbili. Alipofika kwenye shimo la kwapa, mahali ambapo kisu lazima kizunguke na kisikimbie, alipunguza mwendo, kiuno kikaegemea meza, ulimi ukatokeza pembeni mwa mdomo kama wa mtoto anayechora. Dakika kumi na mbili. Karani alikuwa amesimama ukutani ameshika kiganja chake mwenyewe.

Mashine iliponyamaza, Mkurugenzi alichukua kipande cha juu kabisa cha mkono wa koti na kipande cha chini kabisa, akavilaza kimoja juu ya kingine, akavinyanyua dhidi ya taa. Akavigeuza. Akachukua vingine. Kisha akamwita Mkasi kwenye meza ndogo ya pembeni atie sahihi, akamuuliza habari za binti, naye akacheka na kusema kwamba amenyolewa nywele, sijui na nani, lakini ni kichekesho fulani. Karani alilisikia hilo na kuliweka pembeni; hakuwa na nafasi ya kulifikiria.

"Jumatatu saa moja kamili," Mkurugenzi alisema, lakini alikuwa akimwambia Karani. Alikata mstari mmoja juu ya neno alilokuwa ameliandika. "Miezi mitatu, Rula akiwa kando yake muda wote. Baada ya hapo tutaona. Siahidi zaidi ya hapo."

"Sijakuomba zaidi," alisema Karani.

Mkasi alikuwa amerudi kwenye meza ndefu. Alipapasa ukingo uliokatwa, akapiga goti, akafumba jicho moja.

"Nani kakata hapa?"

Rula alimtazama Mkurugenzi.

"Nauliza kwa wema. Juu na chini sawa, tabaka sitini. Huyu mtu anaijua kazi." Alimgeukia Mkurugenzi. "Mama, kama ni kibarua, usimwache aende."

"Simwachi," Mkurugenzi alisema, akavua miwani kuifuta.

Karani alikuwa na dakika ishirini kufika shuleni, na simu moja ya kumpigia wifi. Aliokota mkoba, akajaribu kuufunga zipu, ikakataa. Mkasi aliona. Akaja, akaushika mkoba, akaufunga.

"Mbona unatetemeka?"

"Nimeshika mashine ya kukatia. Sijawahi kuishika."

"Wewe? Kwenye mabaki?"

"Kwenye kitambaa cha mtu."

"Karani!" Alisimama katikati ya mlango. "Miaka yote hii umeolewa na fundi, hujui kwamba kitambaa cha mtu hakichezewi? Na ungekatika?" Alimgombeza wakipita safu ya cherehani, akamgombeza uani kwenye marobota, naye Karani akatembea kando yake, akimwacha aseme. Karibu na geti lori lilirudi nyuma likipiga honi, wakasimama kulipisha. Lilipokwisha kupita, Mkasi alikuwa bado amekunja uso, lakini macho yalikuwa yakitafuta sababu.

"Sijui umenifanyia nini," alisema mwishowe, "ila nimekasirika. Usirudie."

"Sirudii," alisema Karani.